Kigeu Kimoja, Vyeo Vingi: Kwa Nini Orodha ya Aina za Vigeu Haitoshi

Mwaka 1986 jarida la British Medical Journal lilichapisha matokeo ya matibabu ya mawe ya figo ambayo hadi leo ni kitendawili bora kwa yeyote anayejifunza utafiti. Wagonjwa 350 walikuwa wametibiwa kwa upasuaji wa kawaida wa kufungua mwili. Wengine 350 walitibiwa kwa njia mpya ya kutoa mawe kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Upasuaji ulifanikiwa kwa wagonjwa 273, yaani asilimia 78. Njia mpya ilifanikiwa kwa 289, yaani asilimia 83. Kwa hesabu hiyo njia mpya imeshinda. Sasa wagawe wagonjwa hao hao kwa ukubwa wa mawe yao. Kwa wenye mawe madogo, upasuaji ulifanikiwa kwa asilimia 93, njia mpya kwa asilimia 87. Kwa wenye mawe makubwa, upasuaji asilimia 73, njia mpya 69. Upasuaji umeshinda huku, umeshinda na kule, kisha umeshindwa pale wote walipojumlishwa.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Tarakimu zote ni sahihi, na programu yoyote ya takwimu itakupa majibu yote mawili bila kusita. Programu hiyo haitakuambia jibu lipi la kumpa mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari, kwa sababu jibu hilo halimo ndani ya tarakimu. Limo katika swali moja linaloulizwa mara chache mno: ukubwa wa jiwe ni kigeu cha aina gani katika utafiti huu?

Kigeu ni chochote kinachoweza kuchukua thamani tofauti kutoka mtu hadi mtu, mahali hadi mahali, au wakati hadi wakati: umri, uzito, kipato, joto, alama za mtihani, dawa aliyopewa mgonjwa. Mwanafunzi wa utafiti hukutana na neno hili mapema, na hukutana nalo katika umbo la orodha. Kuna kigeu huru, kinachodhaniwa kuleta athari, kuna kigeu tegemezi, kinachopokea athari hiyo, kuna vigeu vinavyodhibitiwa, kuna vivurugi, kuna vigeu vya kati. Chini ya kila jina pana fasili ya mstari mmoja. Anazikariri, anafaulu mtihani, kisha anapofika kuandika pendekezo lake la utafiti anachora jedwali na kugawa majina: hiki huru, hiki tegemezi, hivi vingine vyote “vya kudhibiti”. Jedwali linapendeza, msimamizi anatia saini, na hakuna aliyefikiri.

Nina ugomvi na ufundishaji huo, na ugomvi wenyewe si kwamba fasili ni za uongo. Ni kwamba unamfanya mtu aamini kuwa aina ya kigeu ni sifa ya kitu chenyewe, kama vile madini yalivyo na uzito wake. Sivyo. Mtu mmoja huwa mjomba kwa huyu, shemeji kwa yule, mkwe kwa mwingine, na ukimtazama usoni peke yake hutajua ni yupi. Vigeu navyo ni hivyo. Shinikizo la damu ni kigeu tegemezi kwa anayechunguza athari za chumvi. Ni kigeu huru kwa anayechunguza kiharusi. Kwa anayeuliza chumvi inaletaje kiharusi, limekaa njiani kati ya vyote viwili. Na kwa anayelinganisha wagonjwa wa hospitali mbili, huenda likawa kivurugi kinachoharibu ulinganisho wote. Kipimo ni kilekile na tarakimu ni zilezile. Kilichobadilika ni swali.

Tuanze na jozi ya kwanza ya orodha, maana hiyo ndiyo inayodhaniwa kuwa nyepesi.

Mei 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, daktari James Lind alichukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza wasafiri wa baharini. Aliwachagua wenye hali zinazofanana kadiri alivyoweza, akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili katika makundi sita. Kundi moja lilipewa mvinyo wa tufaha, la pili matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa, la tatu siki, la nne maji ya bahari, la tano machungwa mawili na limau moja kila siku, la sita dawa ya kulamba yenye kitunguu saumu na haradali. Baada ya siku sita machungwa na malimau yaliisha, lakini mmoja wa waliokula alikuwa tayari amerudi kazini na mwenzake alikuwa na nafuu kuliko wengine wote waliobaki.

Hapa kigeu huru ni tiba, nacho kinastahili jina lake kikamilifu, kwa kuwa Lind mwenyewe ndiye aliyeamua nani apewe nini. Kigeu tegemezi ni hali ya mgonjwa. Mahali, chakula na ukali wa ugonjwa ni vigeu alivyovidhibiti kwa kuvishikilia visibadilike kutoka kundi hadi kundi. Kama angewapa malimau mabaharia wa chumba chenye hewa safi na siki mabaharia wa chumba kichafu, asingejua kilichoponya ni tunda au ni hewa. Nguvu ya jaribio lake ilikuwa katika kile alichokizuia kisibadilike, sawa na ilivyokuwa katika kile alichokibadilisha. Wanafunzi wengi huandika ukurasa mzima kuhusu walichobadilisha na sentensi moja kuhusu walichokizuia.

Lakini kisa cha Lind kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyogharimu maisha. Alijua kwamba malimau yanaponya. Hakujua yanaponya kupitia kitu gani. Wengi walidhani ni uchachu. Dhana hiyo ilipingwa na jaribio lake mwenyewe, kwa kuwa siki na asidi ya salfa ni chachu na hazikuponya mtu. Lind alipendekeza maji ya machungwa na malimau yachemshwe hadi yawe mazito ili yahifadhike safarini, na moto huo ulikuwa unaharibu kilekile kilichoponya. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya malimau kwa mabaharia mwaka 1795, na kiseyeye kikarudi nyuma. Katika miaka ya 1860 jeshi hilo likabadilisha malimau ya Mediterania kwa ndimu za visiwa vya Karibi. Ndimu ni chachu kweli, lakini zina vitamini C kidogo kuliko malimau. Msafara wa Aktiki ulioongozwa na George Nares, mwaka 1875 na 1876, ulipigwa na kiseyeye ingawa ulibeba maji ya ndimu. Vitamini C ilikuja kutambuliwa miaka ya 1930.

Vitamini C katika kisa hiki ni kigeu cha kati: ndiyo njia ambayo tunda hupitia kufika kwenye uponyaji. Mtafiti anaweza kuwa na kigeu huru sahihi na kigeu tegemezi sahihi, akapata jibu sahihi, na bado watu wakadhurika baadaye kwa sababu kigeu cha kati kilidhaniwa badala ya kutafutwa.

Majaribio ya namna ya Lind hayawezekani kila mahali. Huwezi kumlazimisha mtu avute sigara miaka 30 ili uone mapafu yake, wala huwezi kuwanywesha watu maji machafu. Hapo ndipo neno “huru” linapoanza kuteleza, kwa kuwa mtafiti hakukiweka kigeu hicho, amekikuta. Daktari John Snow aliliona hilo London mwaka 1854. Kampuni mbili za maji, Southwark and Vauxhall na Lambeth, zilikuwa zikisambaza maji katika mitaa ileile, nyumba kwa nyumba, kwa matajiri na kwa maskini. Lambeth ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake mwaka 1852 kwenda juu ya mto Thames, mbali na majitaka ya jiji. Mwenzake alibaki palepale. Kipindupindu kilipozuka, Snow alihesabu vifo vya wiki saba za kwanza: vifo 1,263 katika nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall, na vifo 98 katika nyumba 26,107 za Lambeth. Kwa kila nyumba 10,000 ni vifo 315 dhidi ya takriban 37.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ukubwa wa tofauti peke yake haukutosha. Kilichompa Snow haki ya kusema “maji” ni kwamba chanzo cha maji kilikuwa kimechanganyika mitaani bila kufuata utajiri, makazi wala kazi ya mtu. Wenye nyumba wengi hata hawakujua kampuni inayowapa maji, na Snow alilazimika kupima chumvi iliyomo ili kutofautisha. Kigeu alichokikuta kilitenda kana kwamba kimegawiwa kwa kura. Mtafiti anayetumia dodoso na kuita kitu “kigeu huru” anapaswa kujiuliza kama naye ana haki hiyo. Mara nyingi hana. Anayelinganisha afya ya wanaofanya mazoezi na wasiofanya amekuta watu waliojichagulia, na waliojichagulia mazoezi wamejichagulia na mengine mengi.

Hayo mengine mengi ndiyo vivurugi. Kivurugi ni kigeu kinachogusa pande zote mbili: kinaathiri nani anapata kigeu huru, na kinaathiri matokeo kwa njia yake yenyewe. Turudi kwenye mawe ya figo. Katika kundi la upasuaji, wagonjwa 263 kati ya 350 walikuwa na mawe makubwa. Katika kundi la njia mpya walikuwa 80 tu. Jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla mgonjwa hajatibiwa, na jiwe kubwa ni gumu kulitibu kwa njia yoyote ile. Upasuaji ulibebeshwa wagonjwa wagumu, kisha ukahukumiwa kana kwamba mizigo ilikuwa sawa. Kwa hiyo ukubwa wa jiwe ni kivurugi, ni lazima wagonjwa wagawanywe kwa ukubwa huo, na ushahidi huu unaegemea upasuaji. Tazama sababu niliyoitumia: nimesema jiwe lilikuwepo kabla ya tiba. Hoja hiyo inatokana na ujuzi wa ugonjwa. Hakuna jedwali la takwimu lililoniambia.

Dawa kali zaidi ya vivurugi ni kugawa watu kwa bahati nasibu, jambo ambalo mwanatakwimu Ronald Fisher alilijengea misingi alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Jaribio la dawa ya streptomycin dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, liligawa wagonjwa 107 kwa utaratibu huo: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko kitandani, 52 mapumziko pekee. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa kwanza na 14 upande wa pili. Uzuri wa kura ni kwamba inasawazisha hata vivurugi ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikiria. Na palipokosekana kura, gharama ilionekana. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia wanawake zilionyesha kwamba waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walikuwa na magonjwa machache ya moyo. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani lililogawa wanawake 16,608 kwa bahati nasibu likasimamishwa kabla ya wakati wake: waliopewa mchanganyiko wa homoni mbili hawakukingwa dhidi ya ugonjwa wa moyo, bali hatari yao iliongezeka kidogo. Maelezo ya tofauti hiyo ni zaidi ya moja, ukiwemo umri wa kuanza kutumia homoni, lakini mojawapo ni hili: wanawake waliojichagulia homoni walikuwa na hali bora ya maisha na afya tangu mwanzo.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuondoka na kanuni ya hatari, na ni kanuni ninayoikuta kila mara katika tasnifu: dhibiti kila unachoweza. Ukiwa na umri uweke, ukiwa na kipato kiweke, ukiwa na elimu iweke, vyote ndani ya mlinganyo mmoja, kadiri vinavyozidi ndivyo utafiti unavyokuwa imara. Kanuni hiyo ni ya uongo, na visa viwili vinatosha kuonyesha kwa nini.

Cha kwanza ni cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa muhula uliofunguliwa mwishoni mwa 1973, wanaume 8,442 waliomba kujiunga na masomo ya uzamili na asilimia 44 walikubaliwa. Wanawake walioomba walikuwa 4,321, na waliokubaliwa ni asilimia 35. Peter Bickel na wenzake wawili walipochambua data hizo katika jarida la Science mwaka 1975, walionyesha kwamba ukizingatia idara moja moja, upendeleo dhidi ya wanawake unatoweka, na hata kuna mwelekeo mdogo wa kuwapendelea. Wanawake walikuwa wameomba zaidi katika idara zinazokataa watu wengi.

Kwa macho ya hesabu, hiki na cha mawe ya figo ni kisa kimoja: jumla inasema hivi, sehemu zinasema vile. Wengi huvifundisha pamoja kana kwamba vina jibu moja. Havina. Ukubwa wa jiwe ulitangulia tiba. Idara inakuja baada ya jinsia. Jinsia haisababishwi na idara, ila inaweza kuwa na sehemu katika idara ambayo mtu ataichagua, kupitia malezi, ushauri aliopewa shuleni na milango aliyoikuta imefungwa. Kwa hiyo idara ni kigeu cha kati. Ukiuliza, “Je, kamati za idara ziliwabagua wanawake walioomba kwao?”, kuigawa data kwa idara ni sahihi. Ukiuliza, “Je, kuwa mwanamke kulipunguza nafasi ya kufika uzamili katika chuo hiki, kwa njia yoyote ile?”, ukadhibiti idara, umefuta sehemu ya jibu ulilokuwa ukilitafuta. Mtafiti anayedhibiti kigeu cha kati bila kujua ni sawa na kuuliza kama limau linaponya kiseyeye baada ya kuondoa vitamini C.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi, na naomba msomaji atulie nacho kwa sababu ndicho chenye mafunzo mengi na ndicho kinachoachwa nje ya orodha karibu zote. Mwaka 1971 Jacob Yerushalmy alieleza matokeo ya ajabu kuhusu watoto wachanga waliozaliwa na uzito mdogo, chini ya gramu 2,500. Miongoni mwa watoto hao, wale ambao mama zao walivuta sigara walikuwa na vifo vichache kuliko wale ambao mama zao hawakuvuta. Je, moshi wa sigara unamkinga mtoto dhaifu? Wapo walioanza kutilia shaka kama uvutaji wa mama una madhara yoyote.

Jibu lilifafanuliwa vizuri mwaka 2006 kwa michoro inayoonyesha kwa mishale kipi husababisha kipi. Uzito mdogo wa kuzaliwa unaweza kuletwa na mambo mengi. Sigara ni mojawapo. Kasoro za kimaumbile za mtoto ni jingine, nazo huua zaidi kuliko sigara. Sasa mchukue mtoto mwenye uzito mdogo ambaye mama yake havuti. Kitu fulani lazima kilimpunguzia uzito, na kwa kuwa si sigara, uwezekano kwamba ni kasoro nzito unapanda. Mtoto wa mama mvutaji ana maelezo mepesi zaidi ya uzito wake. Kwa hiyo, kwa kuwatazama watoto wenye uzito mdogo peke yao, mtafiti amelinganisha kundi lililojaa sigara na kundi lililojaa kasoro, kisha akashangaa kwamba la pili linakufa zaidi.

Uzito wa kuzaliwa hapa ni kigeu cha makutano: mishale miwili inaingia ndani yake, mmoja kutoka kwa sigara na mwingine kutoka kwa kasoro ambazo hazikupimwa. Kabla hujakigusa kigeu hicho, sigara na kasoro havihusiani. Ukishagawa watu kwa uzito, umeunda uhusiano kati yao ambao haukuwepo duniani. Kivurugi usipokidhibiti, unapotoka. Kigeu cha makutano ukikidhibiti, unapotoka. Na katika faili la data vyote viwili ni safu ya tarakimu, vyote vina uhusiano na kigeu huru, vyote vina uhusiano na matokeo. Hakuna kipimo cha takwimu kitakachokuonyesha kipi ni kipi. Njia pekee ni kujua mshale unatoka wapi na unaelekea wapi, na hilo linatokana na elimu ya jambo lenyewe.

Makutano haya hayahitaji hata kudhibitiwa kwa makusudi. Anayechunguza wagonjwa waliolazwa hospitalini peke yao tayari amegawa watu kwa kigeu cha “kulazwa”, ambacho magonjwa mengi hukutana ndani yake. Joseph Berkson alilieleza hilo mwaka 1946. Magonjwa mawili yasiyo na undugu wowote yanaweza kuonekana yanahusiana wodini kwa sababu tu kila mojawapo humfikisha mtu wodini.

Kuhusu kigeu kirekebishi sitakaa sana. Hiki hubadilisha nguvu au mwelekeo wa athari: dawa ya primakwini inatibu malaria kwa watu wengi, lakini kwa mwenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hausababishwi na dawa wala haukai njiani. Unaamua dawa itakuwa nini kwa mtu huyu. Wengi hukichanganya na kigeu cha kati, licha ya kwamba Reuben Baron na David Kenny waliandika makala mahususi ya kuvitenganisha mwaka 1986. Cha kati hujibu “kupitia nini?”, kirekebishi hujibu “kwa nani, na lini?”

Kuna mgawanyo mwingine kabisa wa vigeu, unaohusu namna ya kupima, na kuuweka katika orodha moja na huu wa vyeo ni chanzo kikubwa cha mkanganyiko. Nimeona maswali ya mtihani yakimtaka mwanafunzi ataje “aina tano za vigeu” na majibu yakichanganya kigeu huru na kigeu cha majina, kana kwamba kigeu kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili. S. S. Stevens, mwaka 1946, alipanga vipimo katika ngazi nne. Vipimo vya majina hutenga tu: kundi la damu, rangi, namba ya jezi. Vipimo vya mpangilio hupanga bila kusema umbali: maumivu madogo, ya wastani, makali. Vipimo vya nafasi sawa vina umbali wa kuaminika lakini sifuri yake ni ya kupangwa na watu: nyuzi 20 za Selsiasi si joto mara mbili ya nyuzi 10, na ukizigeuza kuwa Kelvini utaona ni ongezeko la takriban asilimia 3.5 tu. Vipimo vya uwiano vina sifuri ya kweli, kama uzito na urefu, na hapo ndipo “mara mbili” ina maana.

Ngazi hizi zimepingwa na wanatakwimu wengi, na sidhani zinafaa kushikwa kama sheria. Ila kuna uharibifu mmoja unaotokana na kuzipuuza ambao unaniudhi kila ninapousoma. Mtafiti anapima shinikizo la damu kwa uangalifu, anapata tarakimu kamili, kisha anazikata pale kwenye 140 na kuandika “juu” na “chini”. Mtu wa 139 na mtu wa 141 sasa ni watu wa dunia mbili, na mtu wa 141 amekuwa sawa na wa 190. Douglas Altman na Patrick Royston walionyesha mwaka 2006 kwamba kukata kigeu endelevu katikati hupoteza nguvu ya utafiti sawa na kutupa theluthi moja ya data. Watu walitolewa damu, walisafiri, walijaza madodoso, na theluthi ya mchango wao imetupwa ili jedwali liwe rahisi kusomeka. Zaidi ya hayo, ukidhibiti kivurugi kilichokatwa vipande viwili, sehemu ya uvurugaji inabaki ndani ya kila kipande. Hapo ngazi ya kipimo na cheo cha kigeu vinagusana: kipimo kisicho makini hufanya udhibiti uwe wa jina tu.

Linabaki suala la vigeu ambavyo mtafiti hana kabisa. Mwishoni mwa tasnifu nyingi kuna sentensi iliyokwisha kuzoeleka: huenda kuna vigeu vingine ambavyo havikupimwa na vikaathiri matokeo. Imeandikwa kwa unyenyekevu, lakini haimwambii msomaji lolote, kwa kuwa inaweza kubandikwa kwenye utafiti wowote uliowahi kufanywa.

Fisher huyohuyo aliyejenga misingi ya kura aliitumia hoja ya namna hiyo, kwa uzito zaidi. Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wamelinganisha wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine 709 mwaka 1950, na kuona kwamba sigara inahusika. Mwishoni mwa muongo huo Fisher alidai kwamba huenda kuna urithi wa kijeni unaomfanya mtu apende sigara na wakati huohuo umwelekeze kwenye saratani. Kwa lugha yetu, alipendekeza kivurugi kisichopimwa. Kimantiki dai lake liliwezekana, na hakuna aliyeweza kuwagawa watu kwa kura ili kulimaliza.

Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walimjibu kwa kukipa kivurugi hicho ukubwa. Ikiwa wavutaji wanapata saratani ya mapafu mara 9 zaidi ya wasiovuta, na sigara haina hatia, basi hicho kitu kilichofichika lazima kiwe kimeenea miongoni mwa wavutaji angalau mara 9 kuliko miongoni mwa wasiovuta. Urithi wenye mshikamano mkubwa kiasi hicho na sigara, mbona haujaonekana na mtu yeyote? Januari 1964 ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilitangaza kwamba uvutaji husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.

Hesabu ya kufanya hivyo leo ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa Cornfield. Tyler VanderWeele na Peng Ding walitoa mwaka 2017 fomula ambayo mwanafunzi anaweza kuikokotoa kwa kikokotoo cha simu: chukua uwiano wa hatari ulioupata (kama ile mara 9 ya wavutaji), uzidishe kwa uwiano huohuo ukiwa umetolewa moja, tafuta kipeuo cha pili, kisha jumlisha na uwiano wenyewe. Kwa uwiano wa 2 jibu ni takriban 3.41. Maana yake ni kwamba kivurugi kisichopimwa, ili kifute matokeo yote, kingehitaji kuhusiana na kigeu huru na pia na matokeo kwa angalau mara 3.41 kila upande, zaidi ya vivurugi vilivyokwisha kudhibitiwa. Msimamizi anayekutana na ile sentensi ya mazoea mwishoni mwa tasnifu anaweza kuirudisha kwa mwandishi na kumwomba aandike tarakimu hiyo, na jina la kigeu kimoja anachokihofia kwa kweli.